Mwandalizi wa mashindano ya kadi asipopiga hesabu ataambulia patupu

Wengi wetu tukisikia neno karata hufikiria vijana waliokaa chini ya mti mchana kutwa wakisubiri kazi ya kibarua. Kwa hivyo, msomaji aliyezoea kupata katika kurasa hizi habari za bei ya mbolea na magonjwa ya kuku huenda akashangaa kuona mchezo wa kadi ukijadiliwa hapa. Lakini kampuni ya Hasbro ya Marekani, ambayo ndiyo mmiliki wa mchezo uitwao Magic: The Gathering, ilitangaza kuwa mapato ya mchezo huo yalipita dola bilioni moja mwaka wa 2022. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na vipande vya karatasi ngumu vilivyochapishwa picha na kufungwa ndani ya pakiti.

Nia yangu leo si kuisifu Hasbro. Kampuni hiyo ina mawakili na wahasibu wake, na itaendelea kupata faida niandike nisiandike. Ninayemfikiria ni yule mtu wa chini kabisa katika mnyororo huu: mwenye duka dogo au kijana mwenye ari anayekodi ukumbi, anakusanya ada kwa wachezaji, anaahidi zawadi, kisha usiku anajikuta akihesabu meza na viti huku mfukoni hana kitu. Kwa maoni yangu, watu wa aina hiyo hupata hasara kwa sababu huchukulia mashindano kuwa sherehe, ilhali ni soko. Na soko lisilo na kanuni zinazoeleweka kabla ya kengele kulia huishia kuwa vurugu.

Kwanza tuelewane kuhusu bidhaa yenyewe. Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield, msomi wa hisabati, na ukatolewa mwaka wa 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast kutoka jimbo la Washington. Hasbro iliinunua kampuni hiyo mwaka wa 1999. Kadi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui kilicho ndani. Ni kama kununua mfuko wa mbegu ambao unaweza kuwa na mahindi ya kawaida au aina adimu inayotafutwa wilaya nzima. Kutokana na hali hiyo limezuka soko kubwa la mitumba, ambako kadi moja moja huuzwa kwa bei inayopanda na kushuka kila wiki. Kila mchezaji huunda fungu lake mwenyewe kutokana na kadi alizonunua au kubadilishana na wenzake.

Mashindano ya miaka ya mwanzo yalikuwa ya mtu kwa mtu. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka wa 1994 mjini Milwaukee, na kufikia 1996 kulikuwa na mzunguko wa wachezaji wa kulipwa. Lakini aina inayopendwa zaidi sasa ni ile iitwayo Commander, iliyoanzia kwa kundi la marafiki huko Alaska na kuenezwa na mwamuzi mmoja, Sheldon Menery, aliyefariki mwaka wa 2023. Kila mchezaji ana fungu la kadi 100, na isipokuwa zile kadi za msingi za ardhi, hakuna kadi inayorudiwa. Anaanza na uhai wa pointi 40. Na kwa kawaida hukaa mezani watu wanne.

Hapo kwenye wanne ndipo penye kazi.

Mchezo huo wa Commander ulibuniwa kwa ajili ya burudani ya jioni na marafiki. Baadaye watu wakataka kuucheza kwa ushindani, kwa ada na kwa zawadi za maelfu ya dola. Mashindano makubwa ya aina hiyo yameandaliwa zaidi na maduka na waandalizi wa kujitegemea kuliko na kampuni yenyewe. Maana yake ni kwamba mwandalizi hawezi kutegemea tu kitabu cha kanuni kilichoandikwa kwa ajili ya michezo ya watu wawili. Inambidi ajitungie mambo mengi, na kila anachotunga kina bei yake.

Chukua suala la pointi. Katika mashindano mengi ya meza ya wanne, mshindi hupata pointi 5, na wakitoka sare kila mmoja hupata 1. Inaonekana kama kanuni nzuri inayompendelea anayeshinda. Hebu tupige hesabu. Mchezo ukipata mshindi, meza nzima hugawana pointi 5, yaani wastani wa 1.25 kwa kila kiti. Wakitoka sare, kila mtu ana 1. Tofauti ni robo pointi tu! Mchezaji yeyote anayeona kwamba uwezekano wake wa kushinda uko chini ya asilimia 20 ana sababu ya kutaka sare, kwani tano mara asilimia 20 ni moja kamili. Na mezani pakiwa na wanne, si ajabu wawili au hata watatu kuwa chini ya kiwango hicho kufikia katikati ya mchezo.

Basi matokeo yake ni nini? Ni watu wenye akili timamu, waliolipa ada na kusafiri mbali, kuanza kujadiliana sare badala ya kucheza. Mmoja anasema, "Mkikataa sare, nitatumia kadi yangu kumzuia huyu hapa, na yule wa pili atashinda." Mwingine anajibu kwa kitisho chake. Dakika zinapita. Walaumiwa huwa wachezaji, eti hawana moyo wa michezo. Mimi sikubaliani na lawama hiyo. Wachezaji wanafuata motisha waliyowekewa, sawa na mkulima anayeuza mahindi mabichi kwa dalali kwa sababu bohari inachelewesha malipo. Ukitaka abadilike, badilisha malipo.

Mwandalizi akiongeza ushindi uwe pointi 7 na kuacha sare iwe 1, kiwango cha kutamani sare kinashuka hadi karibu asilimia 14. Akifanya 10, kinakuwa asilimia 10. Kuna wanaopendekeza sare iwe na sifuri, na wazo hilo linavutia hadi unapolichunguza. Sare ikiwa sifuri na kushindwa kukiwa sifuri, mchezaji aliyekwisha kupoteza matumaini hana faida yoyote ya kumzuia anayeongoza. Kwake yote ni mamoja. Atacheza kwa hasira, au kwa urafiki, na meza itaamuliwa na chuki. Hiyo pointi moja ya sare ndiyo mshahara tunaomlipa mtu aliyeko nyuma ili aendelee kulinda meza. Mimi ningechagua 7 kwa 1 na ningelitangaza jambo hilo siku ile ile ya kufungua usajili.

Viti navyo si sawa. Anayeanza huwa mbele kwa zamu moja, na katika mashindano ya kiwango cha juu, ambako mchezo unaweza kumalizwa katika zamu chache za mwanzo, zamu moja ni mali. Kiti cha nne ndicho shamba la mteremkoni. Waandalizi wengi hupiga kura kila raundi na kudhani kwamba bahati itasawazisha mambo. Haisawazishi katika raundi nne au tano. Mtu anaweza kupata kiti cha nne mara tatu mfululizo, arudi nyumbani akiwa amelipa ada ileile aliyolipa mwenzake aliyeanza mara tatu.

Sisi tuliosomea kilimo tunalijua tatizo hili tangu darasa la majaribio ya shambani. Ardhi haina rutuba sawa kila mahali. Ukitaka kulinganisha aina nne za mbegu kwa haki, huziachii bahati tupu; unazipanga katika mraba wa Kilatini, ili kila aina ipate kila safu mara moja na kila mstari mara moja. Ronald Fisher alizifanyia kazi mbinu za namna hiyo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, karne moja iliyopita. Mwandalizi anaweza kuazima wazo hilo bila gharama yoyote: aweke raundi nne, na kila mchezaji akae kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne mara moja kila kimoja, kadiri upangaji wa wapinzani unavyoruhusu. Haitawezekana kikamilifu kila mara, lakini hata kusawazisha nusu ya njia ni afadhali kuliko kura.

Idadi ya raundi pia hukosewa. Mashindano haya hutumia mfumo wa Uswisi, uliotoka kwenye sataranji, ambao hauwaondoi wanaoshindwa bali huwakutanisha wenye pointi zinazokaribiana. Katika mchezo wa wawili, watu 64 wanahitaji raundi sita ili abaki mmoja ambaye hajashindwa. Katika mchezo wa wanne, kama hakuna sare, raundi tatu zinatosha: 64 wanakuwa 16, wanakuwa wanne, anabaki mmoja. Lakini sare zipo, na bahati mbaya ipo, kwa hivyo raundi nne au tano kabla ya kuchagua 16 bora ni jambo la busara. Raundi ya dakika 80, mara tano, ni saa sita na dakika 40, bila chakula na bila kusubiri meza ya mwisho imalize. Kisha kuna nusu fainali na fainali. Nimeona ratiba za mashindano zilizoandikwa kana kwamba binadamu hali wala haendi msalani.

Na wakija 62 badala ya 64? Meza 14 za wanne na meza mbili za watatu. Wakija 61, meza 13 za wanne na tatu za watatu. Meza ya watatu ni rahisi zaidi kushinda, kwa hivyo lazima ijulikane mapema nani atapelekwa huko na kama kuna wanaopita bila kucheza. Hili ni dogo, tuliache.

Kubwa zaidi ni njama. Katika mchezo wa wawili, mtu akitaka kumuuzia mwenzake ushindi, anauza cha kwake. Katika mchezo wa wanne, mtu aliyekwisha kushindwa anaweza kumtawaza mfalme kati ya waliobaki, na anapofanya hivyo anauza jasho la mtu wa tatu. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mnada wa ng'ombe anajua mambo haya: wanunuzi wawili wanaonong'onezana kando ya boma hawahitaji kuiba mnyama ili kumwibia mfugaji. Kanuni rasmi za mashindano ya Magic zinakataza kabisa kutoa chochote ili kupata matokeo, na zinakataza pia kuamua mshindi kwa kurusha dadu au sarafu. Anayekiuka huadhibiwa. Kugawana zawadi kunaruhusiwa katika mazingira fulani, mradi kusiwe ni malipo ya mtu kukubali kushindwa.

Tatizo ni kwamba maneno ndiyo sehemu ya mchezo wa wanne. Kumshawishi jirani amzuie adui wa wote si kosa, ni ustadi. Mpaka kati ya ushawishi na rushwa ni mwembamba, na mwamuzi asiyekuwa mezani hawezi kuusikia. Ndiyo maana napendekeza bajeti ya waamuzi isiwe ya mwisho kufikiriwa. Waandalizi wengi hulipia kwanza ukumbi, kisha mabango, kisha fulana, halafu wanatafuta rafiki wa kujitolea awe refa. Fulana haijawahi kusuluhisha ugomvi.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuchukue mfano wa watu 64 wanaolipa dola 50 kila mmoja, karibu Sh6,500 za Kenya. Hizo ni dola 3,200. Mwandalizi mchanga, kwa kutaka kuvutia umati, hutangaza "zawadi za dola 3,000 za uhakika" kabla hata hajasajili mtu mmoja. Wakija wote 64, anabaki na dola 200 za kulipia ukumbi, waamuzi, umeme na programu ya kupanga meza. Wakija 40, amekusanya dola 2,000 na anadaiwa 3,000. Amejigeuza kampuni ya bima bila kujua! Njia salama ni kutangaza zawadi kama sehemu ya ada zitakazokusanywa, kwa mfano asilimia 70, na kuziacha zipande kadiri watu wanavyojisajili. Tangazo hilo halina mvuto kama lile la kwanza, nakubali. Lakini mkulima anayepanda ekari kumi kwa kutegemea mvua aliyoahidiwa na jirani huwa tunamwonya.

Isitoshe, faida ya mashindano haiko kwenye ada. Tazama maonyesho ya kilimo tunayoyajua sisi hapa: utepe wa fahali bora hauingizi pesa kwa waandalizi, zinazoingiza ni nafasi za vibanda na kiingilio cha langoni. Kadhalika kwa kadi. Watu 64 wakikaa mahali pamoja kwa saa kumi watakula, watakunywa, watanunua mifuko ya plastiki ya kuhifadhia kadi, na watabadilishana kadi. Mwenye duka aliyeweka kaunta ya kununua na kuuza kadi moja moja kando ya ukumbi anaweza kupata zaidi hapo kuliko kwenye meza ya usajili. Anayekodi ukumbi wa hoteli unaokataza vyakula kutoka nje amempa mwenye hoteli sehemu nono ya biashara yake.

Hapo ndipo linapozuka suala la nakala. Kadi nyingi kali za zamani zimo katika orodha ambayo kampuni iliahidi mwaka wa 1996 kwamba haitazichapisha tena, baada ya wakusanyaji kulalamika kuwa uchapishaji wa mwaka uliotangulia ulishusha thamani ya mali zao. Ahadi hiyo ilifanya karatasi kuwa kama shamba la mjini: haliongezeki. Baadhi ya kadi hizo huuzwa kwa mamia ya dola kila moja, na fungu kamili la ushindani linaweza kugharimu maelfu. Mashindano yaliyosajiliwa na kampuni hudai kadi halisi. Waandalizi wa kujitegemea wengi huruhusu nakala zilizochapishwa nyumbani, ili ashindane mwenye akili na si mwenye mfuko tu.

Wenye maduka hunung'unika, na sababu yao inaeleweka, maana wanauza kadi halisi. Mimi naegemea upande wa nakala, lakini si kwa sababu ya huruma. Ada ya dola 50 hulipwa na mtu aliyeweza kupata fungu la kadi. Ukidai mtaji wa maelfu ya dola mlangoni, umepunguza wateja wako hadi wachache wanaojuana, na wachache wanaojuana ndio hasa wanaokula njama mezani. Mwenye duka anayepinga nakala alinganishe anachopata kwa kuuza kadi moja ya bei kubwa na anachokosa kwa viti 30 vitupu. Pengine kwake hesabu itakuwa tofauti na yangu, basi aifanye.

Zawadi za kadi badala ya pesa nazo zina hatari ambayo wengi hawakuiona hadi Septemba 23, 2024. Siku hiyo, kamati iliyosimamia kanuni za Commander ilipiga marufuku kadi nne, zikiwemo Mana Crypt na Jeweled Lotus. Mana Crypt ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 100. Jeweled Lotus, iliyotolewa mwaka wa 2020, haina kazi ya maana nje ya Commander, kwa hivyo kuipiga marufuku kulikuwa sawa na kutangaza kwamba zao fulani halitanunuliwa tena na kiwanda pekee kinacholisaga. Bei zilianguka mara moja. Wanakamati walitishwa na watu wenye hasira, jambo la aibu kabisa, na Septemba 30 usimamizi wa kanuni ukakabidhiwa Wizards of the Coast.

Fikiria mwandalizi aliyekuwa amenunua kadi hizo Agosti ili ziwe zawadi za Oktoba. Hakufanya uzembe wowote. Alishikilia tu mali ambayo thamani yake inaamuliwa na watu asiowajua, kwa siku asiyoijua. Mwenye akiba ya bidhaa za namna hiyo aiuze haraka, na zawadi azitoe kwa pesa au kwa mkopo wa kununua dukani, ambao gharama yake anaijua.

Sheria pia isisahauliwe. Katika majimbo mengi ya Marekani, wanasheria huangalia mambo matatu: je, mtu amelipa, kuna zawadi, na matokeo yanategemea bahati? Yakikutana yote matatu, unaweza kuhesabiwa kuwa umeendesha bahati nasibu. Waandalizi hujitetea kwamba kadi ni mchezo wa ustadi, na mara nyingi utetezi huo una nguvu, lakini unatofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Hapa kwetu Kenya sheria mpya ya kudhibiti kamari ilipitishwa mwaka wa 2025. Anayenuia kuandaa mashindano ya ada na zawadi, yawe ya kadi hizi au ya mchezo mwingine wowote, atumie fedha kidogo kumuuliza wakili kabla hajachapisha tangazo.

Limebaki suala la fainali, ambako wanne hukaa kugombea zawadi kubwa na kiti cha kwanza kina thamani kuliko wakati wowote. Waandalizi wengine hupiga kura tena. Naona ni kosa. Aliyeongoza kwa pointi katika raundi za Uswisi apewe kuchagua kiti chake, wa pili afuate, hadi wa nne achukue kilichobaki. Kwa njia hiyo, mtu aliyekwisha kufuzu kuingia 16 bora kabla ya raundi ya mwisho bado atakuwa na sababu ya kuicheza, badala ya kuwapa wenzake mkono wa sare na kwenda kutafuta chai.